Nguo za Sandukuni

Nilikuwa nimeshafunga mfuko wa nguo za mapacha wa dada yangu, nataka kutoka hapa Marui kwenda hospitali Kibaha, shemeji yangu Mahona akapiga simu.

"Shemeji, Kulwa ametutoka. Umanjano ulimpanda mpaka kichwani. Na Doto naye macho yameanza kubadilika. Njoo na nguo, hana ya kubadili."

Nilipiga magoti palepale, nikamwomba Mungu atuachie Doto. Kisha nikapanda bodaboda, mfuko kifuani.

Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na sauti yake ilimshinda mwenzake. Mama yake Mahona, Bibi Rahabu, alileta nguo za wajukuu wakubwa, alizotunza sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Akawavisha akicheka: "Hebu wanuseni, kama koti la mzee wa kanisa!" Tukacheka sote. Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke, na pazia la chumbani halikufunguliwa. Tulipomleta Kulwa mlangoni kwenye mwanga, macho yake yalikuwa ya manjano kabisa, na ziwa hakulitaka tena. Wakakimbizwa wote wawili hospitali.

Wodini nilimkuta dada yangu Asteria ameshika kamguu ka Doto chini ya taa ya buluu ya kupunguza umanjano, Bibi Rahabu kando yake. Nikatoa blanketi mfukoni. Nesi Evaline, aliyekuwa akipita, akasimama akanusa.

"Dada, rudisha! Usimguse nalo! Mlilihifadhi na nini?"

Nikamwambia. Akamwita daktari mbio. Walipompima Doto damu, wakakuta amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kwa mtoto wa hivyo, mvuke wa vidonge vile huzivunja chembe, na umanjano hupanda kwa kasi. Nguo alizovaa zikavuliwa. Wakaanza kumbadilishia damu.

Bibi Rahabu aliuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, ni mimi?"

"Bibi, hukujua. Wengi hawajui."

Tukasali bila kuketi. Ilipofika jioni umanjano ulianza kushuka, na Doto akalilia ziwa.

Kesho yake tulimzika Kulwa hapa Marui, nyuma ya nyumba. Asteria alishamuaga hospitalini, akabaki na Doto. Bibi Rahabu alimfunga Kulwa kwa kitambaa kipya cha dukani. Mwinjilisti akaomba, Mahona akashuka kaburini kumpokea mwanawe, nasi tukatupia udongo mmoja mmoja.