Maji ya Kumwosha Hamisi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, nilikabidhiwa kiti, kidau cha wino na kazi iliyokimbiwa na makarani wengine: kuwasomea wazazi barua za vifo kutoka vita vya Burma. Nilikuwa nimetoka shule majuzi, mtu wa bara, mwenye kuligeuzageuza kila jambo kichwani. Neno moja la barua zile lilininyima usingizi.

Barua zote zilipigwa chapa namna moja, zikaachwa nafasi ya jina tu. "Mwanao amekufa shujaa." Tarishi alimwita mzazi, nami nikasoma nimesimama.

Bi Mwanaidi wa Buguruni alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Nani alimwosha?"

"Barua haisemi, mama. Inasema Hamisi ni shujaa."

"Nimesikia. Nani alimwosha, nani alimswalia? Au huko kwenu bara maiti hufukiwa tu kama muhogo?"

Kila Jumatatu alirudi. Aliitikia shikamoo yangu, kisha swali lilelile. Mwishowe nilifungua jalada la Hamisi. Ndani, kwa pini, palikuwa na barua ya penseli ya askari mwenzake. Niliipeleka kwa Karani Mkuu, mzee aliyefunga tai hata kwenye joto la Machi.

"Hii haina kibali," alisema. "Barua ya askari haisomwi mpaka makao makuu waipitishe."

"Wataipitisha lini, bwana mkubwa?"

"Hawataipitisha. Inasema Hamisi alikuwa mpishi, kafa kwa kuhara. Wewe msomi, utamnyang'anya mama wa watu shujaa wake umpe kuhara?"

"Kumbe hata wapishi ni mashujaa?"

"Na wachimba vyoo. Neno hilo ni kanzu ya kuazima, humtosha kila mtu. Rudi kitini."

Nilirudi. Pengine alisema kweli. Pengine neno lile ndilo pekee alilobakiwa nalo yule mama. Na nikifukuzwa, wadogo zangu watakula nini? Wiki mbili nilibishana na nafsi yangu.

Jumatatu ya tatu Bi Mwanaidi hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi, amekonda, akitazama mikono yake. Nikaichomoa ile pini. Adhabu ya kitendo hicho niliipata baadaye: nilihamishiwa stoo ya majembe, na huko ndiko nilikostaafia.

Nikasoma: "Hamisi alikufa kwa tumbo, siku ya tatu. Mtoni hapafikiki kwa risasi. Tulikuwa watatu. Kila mmoja alitoa maji yake ya kunywa, tukamwosha, tukamswalia. Siku ile hatukunywa."

"Rudia hapo pa maji."

Nikarudia. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu.

"Hao watatu wana majina?"

"Wanayo, mama."

"Niandikie. Nitawaombea."

Karani Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikaigeuza barua ya serikali, nikachovya kalamu, nikayaandika majina yote matatu mgongoni mwake.