Jumatatu ya Utani ya Mama Fundi

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Fundi, hata wale waliomzidi umri. Cherehani yake ya kukanyaga iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na ukiingia kwetu lazima uangalie unapoweka mguu, maana pini hazina adabu. Ameshona sare za shule za watoto ambao leo wanamletea sare za watoto wao. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea mume wangu na dada zake baada ya baba yao kufariki, lakini hajawahi kuisimulia kama taabu. Ukimuuliza miaka ile ilikuwaje, atakwambia, "Tulikula, tukasali, tukacheka," kisha anakata uzi kwa meno na mazungumzo yamekwisha.

Hapo kwenye kucheka ndipo penye habari yangu.

Nilipoolewa nilikuta nyumba ina sheria zake. Chakula hakiguswi kabla ya sala. Mlango haubamizwi. Na Jumatatu ya Pasaka, mpaka chai ya asubuhi iishe, kila mtu ana ruhusa ya kumtania mwenzake. Hiyo ya mwisho hakuna aliyeniambia. Pasaka yangu ya kwanza pale niliamka, nikaingiza mkono kwenye mkono wa gauni, ukakwama. Nikajaribu wa pili, nao ukakwama. Nikatoka chumbani nimejitanda shuka, machozi yako karibu, nikidhani nimenenepa kwa usiku mmoja. Mama mkwe alikuwa mezani anakoroga chai kama mtu asiye na habari. Akalichukua gauni, akavuta uzi mmoja mwekundu, na mshono wote ukafumuka.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema. "Mgeni huwa hatumtanii."

Mshono ule unaitwa bandi. Ni ile mishono mikubwa ya mkono ambayo fundi hushikizia nguo kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. Utani wake wote huufanya kwa bandi, tena kwa uzi mwekundu ili uonekane upesi. Atakushonea mifuko ya suruali, soksi ataziunganisha vidole kwa vidole, taulo utalikuta limeoana na pazia. Hakuna kinachochanika. Siku moja nilimuuliza kwa nini Pasaka, maana mimi nililelewa na watu ambao wakitoka kanisani hata meno hawaonyeshi. Akanijibu huku anapima pindo kwamba wanawake walikwenda kaburini na manukato yao, wakidhani wanajua watakachokikuta, na walichokikuta ni nguo tu, mwenyewe hayupo. Kifo kilitaniwa asubuhi ile, akasema, na yeye kama fundi hawezi kuipita hivi hivi habari ambayo shahidi wake wa kwanza ni nguo.

Sasa tuna watoto wawili. Mkubwa tunamwita Chiriku, kwa sababu huanza kuongea kabla hajafumbua macho. Mdogo ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika viti.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka huu, chumba cha mbele kilikuwa kimejaa majoho meupe ya kwaya. Mama mkwe akakuta kipande kilichokuwa kimekatwa tayari kwa kola hakipo. Akamuuliza Chiriku, naye akasema hajakiona. Tukatafuta chini ya meza. Baadaye Chiriku akakumbuka kwamba mdogo wake ndiye aliyekibeba. Nilipokwenda kutandika vitanda nikamkuta mwanasesere wa Chiriku chini ya mto wake, amevaa gauni jeupe la kupendeza. Nikamleta mezani, nikamweka mbele ya bibi na mjukuu. Chiriku akamtazama, akacheka kicheko kikavu, akasema, "Nilikuwa natania tu."

Baba yao akawa anaingia wakati huohuo. Mume wangu ni fundi rangi, mtu mpole wa maneno machache, na siku nyingi hurudi na madoa mpaka kwenye nyusi. Nilipomweleza kisa nilidhani atacheka. Lakini neno lile la utani lilimchoma. Hakupandisha sauti. Akamwambia mama yake kwamba miaka yote amenyamaza kwa heshima, ila sasa matunda yameonekana: mtoto amejifunza kwamba uongo una jina lingine la kujifichia. Kwa hiyo Jumatatu ya utani imekwisha katika nyumba hii, mwaka huu na miaka mingine. Kisha akamgeukia mtoto.

"Na wewe, kuanzia leo ukiniambia kumekucha, nitatoka nje kwanza nilitazame jua."

Chiriku akanyamaza, na kwake kunyamaza ni sawa na homa.

Mama mkwe hakubishana. "Nyumba ni yako, baba," akasema, akarudi kukanyaga cherehani yake. Kumwita mwanawe baba ni dalili kwamba ameumia.

Wengine wangeona kwamba amenyang'anywa siku moja ya mchezo. Mimi nilikuwa naye mchana kutwa, nikaona zaidi ya hapo. Mwanamke aliyelea watoto peke yake, wakakua, wakasimama, alikuwa ameambiwa kwamba hajui kulea. Akaacha kumrekebisha Chiriku. Mtoto akimuuliza jambo, anamwambia akamuulize mama yake. Hata sala ya chakula akatuachia sisi. Alikuwa anakaa humo ndani kama mpangaji anayeogopa kugusa kuta. Nilijaribu kuongea na mume wangu jikoni. Akasema amenisikia, na kwake kusikia maana yake ni hapana.

Ijumaa Kuu, tuliporudi kutoka kanisani, nadhani mama alishindwa kujizuia. Nilikuwa nakunja nguo kwenye kochi. Akamwita Chiriku dirishani, akampa vitambaa vilivyounganishwa viwili viwili, akamwambia avitenganishe. Pea ya kwanza ilishikwa kwa uzi mwekundu. Chiriku akavuta, vikaachana mara moja, akatabasamu. Pea ya pili ilishonwa kwa cherehani. Akavuta, akakwangua kwa kucha, akajaribu meno. Mwishowe kitambaa kikachanika na mshono ukabaki palepale.

"Hivi vya kwanza nilivishona nikijua nitavifumua mwenyewe," bibi yake akamwambia. "Tena mapema, na mwenye nguo tutacheka naye. Hivi vingine nilivishona ili visifumuke. Sasa niambie. Habari ya yule mwanasesere wako, uliishona kwa uzi gani?"

Chiriku akafikiri sana. "Kwa mashine, Bibi."

"Haya. Hayo kamwambie baba yako."

Baba yake alikuwa uani anaosha brashi kwenye kopo. Nilimfuata mtoto mpaka mlango wa jikoni, nikabaki hapo. Akasimama mbele ya baba yake, mikono nyuma.

"Baba, sikuwa natania. Nilidanganya. Nilitaka usijue kabisa."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nikadhani yamekwisha, lakini mtoto hakuondoka. Akasema kuna kingine ambacho hatujakiona. Akakimbia ndani, akarudi na kitambaa cheupe kutoka kwenye mkoba wa shule, kipande cha kola ya joho la pili, ambacho hata fundi mwenyewe alikuwa hajagundua kama kimekatwa. Baba yake akazungusha brashi ndani ya kopo, akazungusha tena. Akauliza nani amemtuma kukisema hicho. Mtoto akajibu hakuna. Akauliza bibi yake alimwambia nini, naye akaeleza vile vitambaa, akirukaruka na kurudia kama kawaida yake. Baba yake akasikiliza mpaka mwisho. Akampa brashi moja, wakaosha pamoja.

Jumapili kwaya ikasimama kwa weupe unaoumiza macho. Mama mkwe alikuwa ameviunga vile vipande kwa ndani, na kanisa zima hakuna aliyejua, isipokuwa sisi tuliokuwa tunakodolea macho kola mbili tu tangu wimbo wa kwanza.

Jumatatu nikaamka, nikaingiza mkono kwenye gauni. Ukapita mpaka mwisho bila kizuizi, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kama hicho kinaweza kunisikitisha. Kila soksi ilikuwa peke yake. Mama alikuwa ametii neno la mwanawe. Tukanywa chai kama watu wa hotelini. Ili asionekane kanuna, akainuka na kwenda kumalizia pindo la pazia la jirani. Akakanyaga. Miguu inakwenda, sindano imesimama. Akakanyaga tena. Akainama kutazama chini, kisha akainuka polepole. Mkanda wa cherehani haukuwepo.

Wote tukamtazama Chiriku. Na mimi nilimtazama, Mungu anisamehe.

"Si mimi, Bibi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na macho yake hayakwenda kwa bibi. Yalikwenda kwa baba yake.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Si yeye, mama. Akisema si yeye, basi si yeye."

Akasimama, akapandisha shati. Mkanda wa cherehani ulikuwa kiunoni mwake, kauzungusha mara mbili, umeshikilia suruali.

Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini. Akamwambia kwamba utani mzuri hufanywa kabla chai haijaisha, kwamba baba mzima wa watoto alipaswa kulijua hilo, na kwamba mkanda ukiwa umelegea kwa sababu ya hilo tumbo, pazia la watu atalishona yeye kwa mkono. Hakumwita baba. Alimwita we mtoto. Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, akapiga magoti kuurudisha mkanda mahali pake.

Alipokuwa bado ameingiza kichwa chini ya meza ya cherehani, mama akajimiminia chai nusu kikombe, ili sheria isivunjike. Kisha akachukua chaki, ile anayowekea alama nguo za wateja, akamwandikia mgongoni kwa herufi kubwa: PUNGUZA KIUNO. Akamshukuru kwa upole na kumtuma sukari.

Mume wangu akavaa kofia yake, akatoka, anapiga mluzi. Chiriku alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tukasimama dirishani sisi watatu, mdogo nikiwa nimembeba. Jirani wa kwanza akamsalimia baba yao vizuri, wakapishana, kisha akageuka na kusimama.

"Mama, nikamwambie?" Chiriku akaninong'oneza. "Si inatakiwa ajue mapema?"

"Utamwambia," nikasema. "Mwache kwanza afike dukani."