Aliyemwiga Bibi

Mimi ndiye niliyemleta yule mchekeshaji nyumbani kwetu Busawe. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiisikia habari hii humlaani yeye peke yake, nami nimechoka kuitikia "kweli kabisa" huku nafsi inanisuta.

Ilikuwa wakati wa likizo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, nimerudi na simu ya kupangusa, ya kwanza pale nyumbani. Tulikuwa tunamenya mihogo, bibi, mama, mdogo wangu na mimi, simu nimeiegemeza kwenye debe. Kwenye kioo kijana mmoja wa Sirari alikuwa amejifunga vitenge viwili, amejichora masharubu kwa mkaa, anaigiza bibi wa Kikurya aliyeoa mke. Anamgombeza mkewe, kisha kijana mpita njia: chakula kimechelewa, kuni ni mbichi, na wewe mura unayepita hapo, unatafuta nini kwangu? Alikuwa na ile sauti yenyewe, nzito, inayokwaruza mwishoni. Bibi alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Huyu mtoto amenisikia wapi?" aliuliza. "Rudisha. Rudisha tena."

Alikuwa na haki ya kucheka, maana aliyeigizwa ni yeye hasa. Alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu. Kwetu hiyo ndiyo nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili mji usife. Mama alituzaa sisi wawili kwa mwanamume ambaye hakuna aliyekuwa akimtaja, na hatukupungukiwa kitu. Ukoo wa bibi ndio ukoo wetu. Mdogo wangu alipozaliwa, bibi alizunguka boma zima akipiga vigelegele mwenyewe. Alikuwa amepata mtu wa kumchimbia. Nyumbani kwetu mtoto wa kiume ndiye anayepiga jembe la kwanza kwenye kaburi la mwenye mji, na bibi hakumficha mgeni yeyote jambo hilo. "Atakayenichimbia ni huyu," alisema, amemshika bega, naye mdogo wangu anaangalia chini kwa aibu.

Kisha ikaja rashi. Dhahabu ilionekana upande wa Genkuru na vijana wakayaacha mahindi shambani. Mdogo wangu, miaka ishirini na mmoja, akapata kazi kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Kila Jumapili nilimtumia klipu ya yule mchekeshaji ili asisahau nyumbani. Nilimnunulia bando. Tena nilimwelekeza namna ya kumfuata mwenyewe, asiwe ananingoja mimi.

Sijui ni lini mchekeshaji aliacha kuchekesha. Vitenge vilibaki na masharubu yalibaki, ila sasa alikuwa anakaa laivu saa nzima akiongea na wanaume. Alianza kwa utani kwamba aliyezaliwa kwenye nyumba ya bibi ni mtoto wa kununuliwa. Wakacheka, wakamtumia zawadi. Akaongeza kwamba dhahabu inakimbia kwa sababu wanawake wanasogelea mashimo. Zawadi zikazidi. Akawaambia wasiowajua baba zao waamke, waache kulelewa na vikongwe kama vifaranga. Kule kwenye rashi walikuwa wanamwangalia watu ishirini kwenye simu moja, katika banda la kuchajia, na siku moja walitoka humo wakaenda kumfukuza mama muuza uji kwa mawe. Mdogo wangu alinisimulia hayo kwenye simu huku anacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilisema tu, "Nyie nanyi!" nikabadilisha mazungumzo.

Alirudi nyumbani mara moja. Hakuamkia. Alisimama mlangoni na matope yake, akamwambia bibi, "Mimi si ng'ombe wako."

Bibi akadhani ni lile igizo letu. Uso ukamchangamka, akakaza sauti kama ya kwenye simu: "Na wewe mura unayepita hapo, unatafuta nini kwangu?"

Mdogo wangu akageuka akaondoka. Bibi alibaki anacheka peke yake kwa muda, halafu akatuuliza kwa nini hatucheki.

Mwaka uliofuata bibi aliugua. Hospitalini walituambia tumrudishe nyumbani, tumpe kila anachopenda. Alichopenda kilikuwa kimoja. Kila asubuhi aliuliza, "Amekuja?" na mama akamjibu, "Yuko njiani," mpaka ikafika siku mama akatoka nje na ndoo ambayo haikuwa na kitu.

Nilikwenda Genkuru. Nilimkuta bandani na wenzake, amekonda, macho kwenye kioo.

"Bibi anakufa," nilimwambia. "Anakutaka wewe."

"Bibi wa nani?" Hakuniangalia. "Dada, tulinunuliwa wote. Ila wewe umepazoea."

Wenzake wakapiga makofi. Nilipiga magoti, mwalimu mzima, kwenye matope ya mafuta ya jenereta, nikamshika miguu. Nililia bila kujizuia. Mmoja akatoa simu akaanza kunirekodi, na mdogo wangu hakumkataza.

Nikaona limebaki jambo moja. Aliyempoteza ndugu yangu na amrudishe. Kumpata yule mchekeshaji Sirari hakukuwa kazi, wabadilisha fedha wote wanamjua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kutisha. Nikakuta kijana mwembamba amempakata mtoto anayeota meno. Nikamwambia mimi ni mwalimu, natoka Busawe.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, na heshima yake ikanichoma kuliko tusi.

Nilimweleza yote. Akawa anamfuta mtoto udenda.

"Mwalimu, mimi huchekesha tu. Kwani nilimshika mtu mkono? Watu huamua wenyewe."

"Uliwaambia waamke."

"Hiyo ndiyo ilikuwa inaleta watu. Ile ya bibi ilikuwa imezoeleka."

"Basi leo mwambie alale!" nilimfokea, mtoto akashtuka akalia. "Mwambie arudi nyumbani. Sitaki kingine kwako."

Alimpa mkewe mtoto, akanawa uso, akasimama mbele ya simu bila masharubu. Alisema kuna bibi anakufa Busawe anayemngoja kijana wake. Alisema yale yote yalikuwa mchezo. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba bibi aliyekuwa akimwiga ni bibi yake mwenyewe wa Isebania, aliyeoa mke, na yeye amezaliwa kwenye nyumba hiyo. Nilimwamini, na bado namwamini.

Nilipanda gari kurudi nikiwa na tumaini la kijinga. Kabla sijafika Tarime mjini komenti zilikuwa zimejaa. Amenunuliwa. Wanawake wamemlisha kitu. Msaliti. Katikati yake nikaona jina la mdogo wangu: "Kumbe na huyu ni mtoto wa bibi." Hawakumsikiliza tena. Walikuwa wamehamia kwa mwanamume mwingine, ambaye hachekeshi hata kidogo.

Bibi alifariki Alhamisi mchana, mama akiwa anamgeuza ubavu. Wazee waliegemeza jembe ukutani wakangoja. Ijumaa ikapita. Nilipiga simu mpaka ikaacha kuita. Jumamosi saa tisa mzee wa ukoo akasema hatuwezi kungoja zaidi, akampa jembe kijana wa jirani. Mama aliposikia pigo la kwanza aliingia ndani akafunga mlango. Na saa ileile ndugu yangu, ambaye kuchimba ndiyo kazi yake, alikuwa kwenye duara anachimba.

Shuleni walimu wenzangu hubishana kuhusu hawa watu wa kwenye simu. Mmoja husema mchekeshaji hana kosa, asiyempenda azime. Huwa nakasirika nikatoka ofisini. Ana kosa. Aliona zawadi zinavyozidi kila alipozidisha maneno, akaendelea. Ndugu yangu naye ana kosa, si mtoto. Na mimi niliyetuma klipu, nikalipia bando, nikasikia habari ya mama wa uji nikasema "nyie nanyi", nina la kwangu, wala sijui niliweke wapi.

Hatukuwahi kumrekodi bibi. Tuna picha tatu na sauti hakuna. Mwezi uliopita mama aliniomba nimfungulie ile klipu ya siku ya mihogo.

"Mama, yule?"

"Nataka kumsikia," alisema.

Nikaitafuta. Bado ipo. Nikaiegemeza simu kwenye debe lilelile, na ile sauti nzito ikatoka, ikikwaruza mwishoni: na wewe mura unayepita hapo, unatafuta nini kwangu? Mama alifumba macho asiyaone masharubu. Ilipokwisha alibaki hivyohivyo, machozi yanamtoka.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha, na chini kwenye kioo idadi ya watazamaji wa mchekeshaji ikaongezeka.