Rasberi Kutoka Bustani Niliyokwisha Kuifyeka

Mume wangu aliniletea bakuli la rasberi zilizoiva, akaniambia amezichuma nyuma ya nyumba, kwenye bustani yangu.

Shida ni moja tu. Ile bustani nilikuwa nimeifyeka mie mwenyewe, kwa panga, mpaka chini, kabla sijasafiri.

Ngojeni nianze vizuri, maana nikianza na hasira nitaruka mambo.

Naitwa Auleria. Mie ni mtu mzima, tena mtu mzima kwelikweli, kwa hiyo msije huko kwenye komenti kuniandikia "pole sista, yatapita." Yalishapita zamani. Hii ishu ilitokea enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, Kinondoni ikiwa bado vichaka na nyumba za kuhesabika.

Nilikuwa nimeolewa na Adelard, karani wa serikali, mtu wa kwetu Moshi. Shati jeupe, suruali imenyooshwa, kanisani anakaa benchi la mbele. Ungemwona ungeapa kwamba huyu hata sisimizi anamkwepa.

Mie sikuwa na mtoto. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu kimya. Watu wakawa wananitazama tumbo kwanza, ndiyo wanisalimie.

Nilichokuwa nacho ni bustani.

Siku naolewa, sista mmoja Mzungu aliyenifundisha cherehani pale misheni alinipa mizizi ya rasberi imefungwa kwenye gunia bichi. Kama hamzijui, ni vitunda vyekundu, laini, vinaota kwenye fito zenye miiba. Ukikibonyeza kidogo tu kimepasukia mkononi.

Akaniambia, "Auleria, hizi siyo zile za kawaida. Za kawaida fito inakaa mwaka mzima ndiyo izae. Hizi fito ikiota tu, inazaa hapohapo. Zikiisha kuzaa, fyeka zote mpaka chini. Usizionee huruma. Zitachipua, na zitazaa tena."

Rasberi Dar es Salaam! Joto lile! Majirani walinicheka mpaka basi. Nikazijengea kivuli cha makuti, nikatandaza makumbi ya nazi chini, maji ya kuoshea mchele nikawa namwagia huko.

Adelard alikuwa anapita pembeni, mkono mfukoni. "Mke wangu anamwagilia miba," anasema, halafu anacheka.

Tangu nianze ile bustani hajawahi kuikanyaga. Alikuwa anasema inachana suruali. Hilo mlikumbuke.

Mavuno ya kwanza yalijaa kiganja kimoja. Nililia, msinicheke. Kitu changu kimezaa jamani.

Zikaongezeka. Nikatoa mche mmoja, mmoja tu, nikampa Benedicta wa Temeke. Benedicta alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ndiye aliyenisimamia kwenye ndoa. Zilikuwa hazipiti Jumapili mbili hajaja kwangu.

Kisha akakata mguu. Natuma salamu, kimya. Nikamwuliza Adelard, akanijibu huku anafunga kamba za viatu.

"Achana naye. Mwanamke ana wivu yule. Ulimpa mche, sasa anaona zako zinazaa kuliko zake."

Nikaachana naye. Kwa neno hilohilo tu, mie mwenye akili zangu timamu.

Sasa, kila mwisho wa mwaka mama mkwe alikuwa ananiita Moshi. Alikuwa na dawa ya mizizi ya kupata mtoto, ananichemshia mwenyewe. Chungu hiyo! Ukiimeza machozi yanatoka.

"Mwanangu, kaa mpaka Januari iishe," ananiambia. "Dawa hii haitaki haraka."

Usiku tunapiga magoti pamoja, anashika mikono yangu, ananiombea. Haki ya Mungu, nilimpenda yule mama kuliko aliyenizaa. Nikitoka Dar nilikuwa nambebea kanga, nazi na samaki wakavu.

Adelard alikuwa anabaki. Kazi nyingi ofisini, anasema.

Mwaka huo basi, kabla sijaanza safari, nilichuma za mwisho mwisho, nikanoa panga, nikafyeka fito zote kama sista alivyonifundisha. Adelard alikuwa kazini. Sikumwambia. Ningemwambia za nini, mtu asiyetaka hata kuziangalia?

Nikarudi mwishoni mwa Januari. Nafika, nimechoka, mavumbi matupu, Adelard huyo mlangoni anatabasamu.

"Fumba macho."

Nikafumba. Kufumbua, bakuli la bati mbele yangu, limefunikwa jani la mgomba. Akalifunua. Rasberi, zimejaa, nyekundu!

"Umezitoa wapi?"

"Hapo nyuma. Si ulisema zinazaa mara mbili? Leo nimeamka alfajiri nikakuchumia mwenyewe." Akanionyesha na kidole chake, kimekwaruzwa na mwiba.

Nikaweka moja mdomoni. Ilikuwa tamu kuliko zangu, na kubwa kuliko zangu.

Nikasema asante. Nikachukua ndoo kama nakwenda kuteka maji, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Machipukizi yalikuwa yananifika magotini. Majani tu. Tunda hakuna, ua hakuna.

Nikageuza ndoo nikaikalia. Na sie hatukuwa na mgomba pale nyumbani, hata mmoja.

Watu wa Dar nzima wenye rasberi walikuwa wawili ninaowajua: mie na Benedicta. Hamna haja ya kuambiwa nilifikiria nini. Rafiki amekata mguu kwangu, mume wangu anamsema vibaya, na mie kila mwaka nipo Moshi nakunywa mizizi!

Usiku huo nilimpakulia chakula kama kawaida. Mie, mwenye mdomo huu!

Kesho yake Adelard alipoondoka tu kwenda kazini, nami huyo Temeke. Njiani nilipanga matusi yote, la kwanza mpaka la mwisho.

Benedicta alikuwa anafua uani. Aliponiona hakuinuka.

"Umefuata nini tena?" akasema. "Umekuja kuchukua na udongo?"

Matusi yangu yote yakanipotea. "Udongo gani?"

"Auleria, usinifanye mtoto. Mche umenipa kwa mkono wako, halafu unamtuma mumeo aje aung'oe! Eti umebadili mawazo, hutaki mtu mwingine awe nao. Mche wenyewe, siyo almasi! Kama ulikuwa na choyo si ungesema?"

"Benedicta, sijamtuma."

"Alikuja na lori la mkaa, lile la Goba. Akaupakia mbele yangu."

"Mama Maria anisikie, sijamtuma mtu."

Akaacha nguo kwenye beseni. Akanitazama sana.

"Mwaka mzima na zaidi nimekununia," akasema taratibu. "Nilidhani umenidharau."

Nilikuwa nimekuja kumpiga, na yeye alikuwa ameibiwa kama mie. Alinipa maji ya kunywa, akataka tufuatane Goba. Nikamkatalia. Nilitaka nikaone peke yangu.

Goba ya wakati ule ilikuwa vilima, mashamba na matanuri ya mkaa. Nilidandia lori, nikashushwa, nikatembea mpaka kandambili zikanikata. Nikamkuta mzee anapanga magunia.

"Shikamoo baba. Namtafuta mtu mwenye miba inayozaa matunda mekundu."

"Marahaba. Aa, kwa mke wa karani! Panda hapo juu, kwenye migomba."

Mke wa karani. Loo! Si ndiyo mie huyo?

Nikapanda. Kwanza nikaona migomba. Chini ya migomba, kwenye kivuli chenye ubaridi, nikaona rasberi. Siyo lile shina moja la Benedicta tena, ni kichaka kizima, kimejaa matunda mpaka fito zimeinama. Kule kwenye kilima zilikuwa zimependa kuliko kwangu.

Msichana akatoka ndani, mdogo kwangu, kanga kifuani. Nikajiweka sawa. Nikasema akifungua mdomo tu, namvaa.

Akapiga kelele ya furaha.

"Wifi! Wifi Auleria!"

Akanikimbilia, akanikumbatia, akapiga goti. "Shikamoo wifi! Jamani umekuja! Na Adelard hakuniambia!"

Nikamwinua.

"Umenijuaje?" nikauliza.

"Kwa picha, wifi. Karibu ndani uione."

Ukutani ilikuwa imetundikwa picha yangu na mama mkwe, tuliyopigwa Moshi. Mama mkwe aliniambia ile picha imepotea.

Akaniketisha, akaniletea uji. Akajitambulisha: Demetria, Mluguru wa Morogoro. Maneno yalikuwa yanamtoka tu, mtoto wa watu amekaa na hamu ya ndugu wa mume.

"Zile rasberi ulizipata, wifi? Juzi nilimwambia, wifi akirudi kutoka kwa mama mpelekee, yeye ndiye aliyetupa mche. Nilizichuma mwenyewe. Na yeye akajitia kusaidia, akachomwa na mwiba!"

"Nilizipata," nikasema. "Tamu."

Basi ndivyo nilivyokamatishwa ukweli, kwa wema wa huyu binti. Adelard alibebeshwa bakuli, akashindwa kueleza limetoka wapi, akaona atasema bustanini. Alidhani rasberi zipo tu pale nyuma zinamngoja yeye.

"Mmefunga ndoa?" nikauliza.

Demetria akaangalia chini, akatabasamu. "Mahari yamefika kwetu. Ya kanisani bado, wifi, tunakusubiri wewe."

"Mie?"

"Si ndiyo mila yenu Wachaga? Amesema hawezi kufunga ndoa kanisani kabla dada yake mkubwa hajaolewa. Usijisikie vibaya, wifi. Mimi nakuombea kila siku upate mchumba."

Jamani. Jamani! Nilicheka. Sijui hata kicheko kilitoka wapi. Mke wa ndoa, mwenye pete kidoleni, naombewa mchumba na mke wa mume wangu.

"Haya ya mie kukosa mchumba alikuambia Adelard?"

"Hata mama mwenyewe. Alipokuja kutibiwa macho hapa Dar, si alikuwa anashinda kwangu? Akasema, binti yangu Auleria hana bahati, anakaa tu kwa Adelard, usimuulize mambo ya ndoa utamuumiza."

Hapo ndipo roho ilinipasuka. Ya Adelard iliniuma, sikatai, lakini hii ilinimaliza. Mama mkwe alikuja kweli kutibiwa macho. Alilala kwangu, kitandani kwangu, mie nikalala mkekani. Kila asubuhi nampikia mtori, Adelard anampeleka hospitali. Kumbe macho yalikuwa yanapelekwa Goba kuangalia mjukuu.

Na zile dua? Zile Desemba zote? Alikuwa ananiita Moshi ili mwanawe apate nafasi ya kukaa na familia. Ile mizizi mpaka leo sijui nilikuwa nanyweshwa nini.

Mtoto akaja anayumbayumba kutoka uani, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mdomo mwekundu, mikono myekundu, amejipaka rasberi mpaka masikioni. Akanishika goti.

"Msalimie shangazi," Demetria akamwambia. Halafu kwangu, kwa haya kidogo, "Wifi, nilimwomba Adelard anikubalie. Tumempa jina lako. Anaitwa Auleria."

Nikampakata. Sikuwa na la kufanya, nikampakata. Hasira yangu yote niliyoipandisha kilima kile ikakosa pa kukaa.

Ningeweza kuondoka kimya. Lakini nilishachoka na watu wanaojua wakanyamaza.

Nikavua pete, nikaiweka mkononi mwa Demetria. "Mdogo wangu, angalia ndani."

Kulikuwa kumechongwa majina mawili. Demetria alisoma shule ya misheni, alijua kusoma. Akayasoma, akarudia kuyasoma.

"Hii alinivalisha Adelard," nikasema. "Kanisani. Mie siyo wifi yako."

Alikaa chini pale pale, miguu mbele.

"Na mama alijua?" akauliza.

"Alijua."

"Basi wametufanya wajinga wote wawili," akasema, ndiyo akaanza kulia. Tulilia wote, na mtoto naye akatuunga mkono.

Jioni Adelard alinikuta uani na jembe, nang'oa mizizi ya rasberi naifunga kwenye gunia.

"Unafanya nini?"

"Naondoka. Nimetoka Goba, wifi yangu anakusalimu."

Akashika mlango. "Auleria, siyo mimi. Ni mama ndiye aliyetaka."

Hiyo ndiyo sentensi yake ya mwisho ninayoikumbuka. Hata kosa lake alimbebesha mama yake.

Nilikwenda Temeke kwa Benedicta. Alinipokea mlangoni, akaniambia, "Umerudisha udongo?" Tulicheka mpaka tukakaa. Nikanunua cherehani ya mkononi, nikaanza kushona, na rasberi nikazipanda uani kwake.

Mama mkwe alituma watu kuniomba msamaha, akatuma tena alipokuwa anaumwa. Nilisamehe? Hapana. Msije na maandiko hapa, nayajua.

Adelard alibaki na nyumba yake ya Kinondoni. Demetria naye hakumrudia. Siku moja alitokea Temeke, mtoto mgongoni, furushi kichwani, akasimama mlangoni hajui aniite nani.

Nikamwambia aniite wifi, tulishazoea.

Mnajiuliza bibi wa umri huu na macho haya ameandikaje yote haya kwenye simu? Sijaandika mie. Mie nasema, anaandika Auleria mwenzangu, yule aliyejipaka rasberi mpaka masikioni. Sasa ni mwalimu mstaafu, ana wajukuu, na hapa ananiambia nipunguze maneno, kidole kinamuuma.

Funzo? Ukiambiwa rafiki yako kakugeuka, usikubali ukiwa umekaa kwako. Nenda kwake, msikie kwa mdomo wake. Mie ningekwenda Temeke mapema, Adelard asingemaliza hata mwezi na uongo wake. Nilimwamini aliyelala kitandani mwangu, nikamhukumu aliyekuwa anafua uani kwake na uchungu wake.

Naishia hapa. Rasberi zimemaliza kuzaa, Auleria ameshanoa panga, tunakwenda kufyeka.