Wamarekani wa Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mwalimu Temeke, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa viatu vya ngozi siku za kazi. Mie nilikuwa fundi cherehani Mtoni. Alipanga chumba katika nyumba niliyokaa na mke wangu, na jioni tulikula sinia moja. Hapo kwenye sinia ndipo alipotuletea Wamarekani wake.

Bwana Misitu, Mwingereza aliyekuja shuleni kwao kugawa miche, alikuwa amemwazima kitabu. Kilieleza habari za watu wa Marekani waliosimama kutetea mapori ya kwao yasikatwe. Kaka alikisoma kwa kamusi, kisha akatusimulia. Mmoja alikuwa mzee wa ndevu ndefu aliyezunguka milimani na mkate mkavu mfukoni, akalala chini ya miti minene kuliko nyumba yetu, akaandika magazetini mpaka rais wa nchi akaja kulala porini naye.

"Rais?" mke wangu alicheka. "Akaacha kitanda chake?"

"Akaacha, shemeji. Asubuhi akaamka blanketi limejaa theluji, akafurahi kama mtoto."

Walikuwapo na wengine, waliokuja baada ya yule mzee, ambao hawakutaka hata barabara ipite porini. Kaka aliwasema kama watu anywao nao kahawa. Nami nilimwelewa. Sie tulizaliwa Madale, nyumba yetu imepakana na msitu, na tangu utotoni kaka alikuwa mtu wa kupotelea humo kutwa nzima, akarudi na kipigo kinamngoja. Sasa alikuwa amegundua kwamba duniani wako wazungu wazima, wenye heshima zao, wanaofanya hivyo hivyo na kusifiwa.

Kisha Bwana Misitu akaja Madale na askari wake kupima mpaka. Mawe ya mpaka yalipita mbele ya nyumba yetu, si nyuma. Sie tukawa ndani ya msitu wa Serikali.

Uliitishwa mkutano, na Bwana Misitu akamwomba kaka aseme na watu wake. Nilikuwapo. Kaka alisema vizuri, na kilichonitisha ni kuwa aliamini kila neno. Aliwaambia wazee kwamba tukiendelea kulima na kuchoma mkaa, wajukuu hawatajua mvule ni mti gani. Akawaeleza habari za yule mzee na rais.

Baba akauliza, "Hao watu wako walilala porini, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Asubuhi wakaenda kwao?"

"Wakaenda kwao."

"Sie kwetu ni hapa."

Watu wakaguna. Kaka akamgeukia Bwana Misitu, wakanong'onezana, kisha akatangaza kwamba njia ya makaburini itaachwa wazi, kila mwenye wake atakwenda kuzuru atakapo. Amepewa ahadi. Wazee wakakubali kuhama. Hawakumkubalia yule mzungu, walimkubalia mtoto wao.

Baba aling'oa milango miwili ya mninga aliyoichonga mwenyewe, tukaibeba mpaka Kawe, kwa mjomba. Kuta aliziacha zisimame. Askari wa misitu walizibomoa baadaye.

Mama alikuwa amezika humo msituni watoto wawili, wadogo zetu waliochukuliwa na surua. Kila baada ya mvua alikwenda kufyeka na kufagia. Mara ya kwanza kutoka Kawe, askari alimzuia kwenye jiwe la mpaka, akamwambia alete kibali. Kaka akaenda kukiomba. Akajibiwa kwamba jambo hilo litatazamwa. Akaenda tena, likawa bado linatazamwa. Mama hakuacha kwenda. Jumapili moja alikuwa amesimama pale mpakani na ufagio wake wa chelewa, ikapita gari ya wazungu wenye bunduki, wakaingia kuwinda paa. Askari aliwapigia saluti. Mama alirudi Kawe akatusimulia, hakulia, ila aliuweka ule ufagio uvunguni na hakuutumia hata kufagia uani.

Alifariki masika yaliyofuata, kwa homa. Alikuwa amemwambia baba mbele yetu sote: nilazeni na wanangu. Hivyo baada ya kumswalia tuliliinua jeneza tukalipeleka Madale, tukipokezana mabegani, matope yakitufika vifundoni. Mawe ya mpaka yalipoonekana, askari walikuwa wamejipanga. Bwana Misitu naye alikuwapo, ameegemea gari yake.

Kaka alimwendea peke yake, tukayasikia yote, maana yule bwana alikijua Kiswahili.

"Uliniahidi," kaka alisema.

"Niliahidi kuzuru. Sikuahidi kaburi jipya. Nikifungua mlango leo, kesho mtarudi na majembe."

"Ni mama yangu, bwana. Anataka kulala porini. Si ndivyo walivyofanya wale wa kwenye kitabu chako?"

Bwana Misitu alilitazama jeneza. Ndipo kaka akamwuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa likimkereketa siku nyingi, "Yale mapori ya Marekani, yalikuwa na watu kabla?"

"Yalikuwa na watu."

"Wakaenda wapi?"

"Waliondolewa," akajibu, bila ukali wowote, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi mzuri. "Ulidhani yalihifadhiwaje?"

Tulimzika mama nje ya mpaka, kwenye shamba la mihogo la jirani wa zamani, mahali ambapo ungeweza kurusha jiwe likaanguka msituni. Kaka alipoinama kuchukua jembe afukie, baba alilishika mpini.

"Wewe pumzika, mwalimu," akasema.

Hakuwa amewahi kumwita mwalimu. Kaka akarudi nyuma, akasimama na watu baki, mikono haina udongo, mpaka dua ilipokwisha.

Mwaka ule ule aliomba uhamisho, akapelekwa bara, kwenye nchi ya mbuga tupu isiyo na mti wa kukinga jua. Alioa huko, akazeekea huko. Baba aliishi Kawe miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipomtajia jina la mwanawe wa kwanza aliuliza habari za mvua.

Nilimtembelea kaka mara moja tu. Nilikuwa na uchungu wangu, nikamwuliza kama wale Wamarekani wake walikuwa waongo tangu mwanzo.

"Hapana," akanijibu. "Waongo ningewasamehe. Walikuwa wakweli. Walilipenda pori kwa moyo wote, na yule bwana pia alilipenda. Sie tu ndio hawakutuona humo."

Akamwita mkewe atuletee chakula, na tukala sinia moja.