Saa Inayofungwa kwa Mkono Mmoja

Watu wengi wanaovaa saa ya bei kubwa hawajui kinachoishikilia mkononi. Watakuonyesha uso wake, watakwambia imetoka nchi gani, lakini ukiwauliza kifungo cha mkanda ni cha aina gani wanageuza mkono kutazama kama wanaotafuta jipu. Mimi najua. Nilijifunza kazi ya hoteli chuoni nikapata diploma, nikaenda Ghuba kubeba mizigo ya wageni. Kabla mkataba wa pili haujaisha nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya saa katika duka la hoteli, nimevaa suti, nikibadilishia mikanda watu ambao viatu vyao vingenunua ng'ombe. Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka pale. Nilijipeleka.

Niliporudi Bomet nilikuja na saa yangu mwenyewe, ya kujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, uso mweupe, mkanda wa ngozi ya kahawia. Nilikuja pia na mkebe wa vifaa: bisibisi nyembamba, vijiti vya springi vya kushikia mkanda, na vifungo vya aina zote nilizowahi kuuza. Nilijenga nyumba ya mawe upande wa Ndanai, nikaweka ng'ombe wa gredi, na Jumapili kanisani watu walinitazama mkono kabla ya kunitazama uso. Sikulalamika.

Saa hiyo nilimpa baba yangu mwaka aliopatwa na kiharusi.

Baba alikuwa nyapara katika mashamba ya chai ya Kericho karibu maisha yake yote ya kazi. Kiharusi kilimwachia miguu, kikamwachia ulimi, kikamwachia mkono wa kushoto mzima. Kilichochukua ni vidole vya mkono wa kulia. Mkono wenyewe unainuka, lakini vidole havibani kitu. Kijiko akishike kwa kushoto, sawa. Lakini kifungo cha shati, zipu, kamba za viatu, hizo zikawa kazi ya mama. Kila asubuhi baba alisimama katikati ya chumba, ametazama ukuta, mama akimvalisha.

Hilo angelivumilia, nadhani, kama posa ya dada yangu mdogo isingekuja. Wageni kutoka Kedowa walileta habari kwamba wanataka kuja kwa koito, yale mazungumzo ya kumtaka binti. Kwetu baba wa msichana ndiye anayekaa kwenye kiti cha katikati na kuwauliza wageni wametoka ukoo gani na wamekuja kutafuta nini. Asipoweza, ndugu yake hukaa. Na ndugu akishakaa mara moja, amekaa. Koito ya binti mwingine atakaa yeye, shamba likigawanywa ataulizwa yeye. Baba wa nyumba anabaki mtu wa kupelekewa chai.

Jioni moja baba alituita, mama na mimi na baba mdogo, akasema maneno yake bila kupandisha sauti.

"Wewe utakaa," alimwambia ndugu yake. "Mimi nitakuwa ndani."

"Ndani wapi?" mama akauliza. "Unaumwa?"

"Mtu anayevalishwa hawezi kuulizia ng'ombe wa binti yake. Wageni watasema, huyu mzee hata saa hafungi, atafunga maneno?"

Baba mdogo alikohoa kwa heshima. "Kama ni hivyo, ndugu yangu, mimi sikatai mzigo," akasema, na nilimwona anautazama mzigo wenyewe kwa hamu. Kesho yake alikuwa Bomet mjini, kwa fundi, akipimwa koti.

Hapo ndipo nilipoamua. Sikumwambia baba ajikaze, wala sikumwita mchungaji. Nililitazama tatizo kama nilivyofundishwa kumtazama mteja: anahitaji nini hasa? Viatu vya kamba nilivibadilisha na vya kuteleza. Shati na vifungo vyake nikaweka pembeni nikamletea fulana nzuri ya shingo ndefu na sweta ya kuvutwa kichwani, kwa sababu asubuhi zetu ni za baridi na hakuna atakayeshangaa. Suruali ikapata mpira kiunoni, na sweta inaufunika. Ndani ya siku chache alikuwa anajivalisha vyote, polepole, mlango umefungwa. Ikabaki saa. Na baba bila saa hakuwa baba. Saa yake ya zamani ilikuwa imekufa kabla yeye hajaugua, na bado aliivaa, imesimama, mama akimfungia.

Nikavua yangu.

Mkanda wenyewe ulikuja na kifungo cha pini, kile cha kawaida, kama cha mshipi. Mimi nakipenda. Ni chembamba, chepesi, kinalala chini ya mkono wa shati bila kuvimba. Lakini kwa baba kilikuwa ukuta. Unapitisha ncha ya ngozi kwenye chuma, unavuta, unalenga pini kwenye tundu, unaingiza ncha kwenye vishikizo. Kila hatua inataka kidole gumba na cha shahada vikutane, na vya baba havikuwa vinakutana tena. Hata nilipomwekea saa kwenye mkono wa kulia afunge kwa kushoto, ule mkono ulikuwa umevimba kidogo, ukachoka na kuteleza mezani kabla hajamaliza kufunga. Nikakiondoa.

Basi vikabaki vifungo vya kukunja. Hivi vinageuza mkanda kuwa duara: unapima tundu mara moja tu, halafu ngozi haifunguliwi tena. Unapitisha mkono kama kwenye bangili, unakunja chuma, kinajifunga. Ngozi haipindwi kila asubuhi, kwa hiyo inadumu, na katika nchi yetu ambako mvua huja karibu kila alasiri hilo si jambo dogo.

Nilianza na kile nilichokiamini zaidi. Kinaitwa kipepeo, kwa sababu kina mabawa mawili yanayokutana katikati, na vibonyezo viwili ubavuni. Kikifungwa hukioni, unaona ngozi tupu imezunguka mkono. Ndicho tulichokuwa tukiwauzia mawaziri. Nikakiweka, nikakisugua kikang'aa, nikampelekea baba mezani.

Alipitisha mkono wa kushoto, akautua mezani, akasukuma kwa uzito wa mwili. Bawa moja likalia tik. La pili likabaki limetokeza.

"Hili lingine limelala?" akauliza.

"Lisukume tena, baba."

Alisukuma mara kadhaa, likafunga. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikaona nimemaliza kazi, nikaenda kukagua maziwa. Jioni nilimkuta ameketi kitandani, jasho usoni, anaupiga mkono magotini. Vile vibonyezo viwili vinataka kubanwa kwa pamoja, kimoja huku na kimoja huku. Kuvaa alikuwa ameweza. Kuvua kulimshinda, na mama ndiye aliyemvua.

"Umeninunulia pingu," baba akaniambia.

"Ni kifungo cha wakubwa hicho."

"Hao wakubwa wana vidole."

Sikukasirika. Mteja akirudisha kitu, unachukua kingine kwenye rafu. Nilifungua mkebe nikatafuta kifungo kisichokuwa na kibonyezo, kinachokunjwa mara moja na kushikwa kwa kubana tu. Huko Ghuba tulikiuza kwa bei ya chini kuliko vingine na wateja wengi walikipita. Nilikikaza kidogo kwa koleo, nikakijaribu juu ya mkono wangu nikikimbia hadi langoni na kurudi, jirani akiniuliza kama ng'ombe ametoroka. Hakikufunguka. Kukifungua unaingiza gumba chini ya ukingo wake na kuinua. Gumba moja, hata lililolala, linaweza kuinua kama mkono wenyewe unainuka.

Baba alikivaa. Tik, mara moja. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaisukuma saa ikazunguka, uso ukaenda upande wa ndani, penye mishipa, na kifungo kikakaa juu, mahali ambapo dunia nzima inakiona.

"Baba, umeivaa kinyume."

"Kinyume cha nani?"

Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alicheka. "Hujui babako? Manyapara wote walivaa hivyo. Ukivaa kama wewe, kichaka cha chai kinakwaruza kioo hadi huoni nambari."

"Na mtu akitaka kujua kama muda wa kupima majani umefika," baba akaongeza, "lazima aniulize. Hawezi kuchungulia."

Nilikuwa nimempimia mkanda kwa mkono unaovaa kama mimi. Uso ukiwa ndani, ukingo wa kifungo uligeukia mbali naye, upande ambao gumba lake halifiki. Akajaribu kuuvuta, likateleza. Akajaribu kwa meno, akaacha.

"Nikuzungushie tu saa irudi juu," nikamwambia. "Ukikaa mbele ya wageni, waione."

"Wewe unataka waone saa," akasema. "Mimi nataka kuvaa saa yangu."

Zilibaki siku chache wageni waje, na baba mdogo alikuwa ameshakuja kutuonyesha koti. Lilikuwa la bluu, limemkaa vizuri, siwezi kusema uongo. Alikaa kwenye kiti cha katikati kidogo tu, alisema, aone kama hakitikisiki.

Nilimwacha akaone. Nikaingia chumbani kwangu na saa, nikachomoa vijiti vya springi, nikavitoa vipande viwili vya mkanda na kuvibadilisha nafasi: cha juu kikaenda chini, cha chini kikaja juu. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayeijua, na ya kuharibu saa kwa asiyeijua. Ukingo ukageuka. Nikakaza tundu moja, kwa sababu mkono wa mzee ni mwembamba na saa isingetulia upande wa ndani. Halafu nikakitazama kile kifungo. Kama ndicho kitakachokaa juu mbele ya watu wa Kedowa, hakitakaa na mikwaruzo. Nilikisugua kwa kitambaa na majivu laini hadi kikawa kama kijiko kipya cha harusi.

Baba aliweka mkono mezani, kiganja juu. Akashuka kwa uzito wake. Tik. Akageuza kiganja chini, akainua mkono wa kulia, polepole, akaliteremsha gumba kwenye ukingo kama mtu anayetafuta swichi gizani, akainua. Kikafunguka. Akafunga. Akafungua. Akaenda nayo chumbani kwake. Nilisikia ile tik kupitia ukuta hadi wakati wa kulala.

Asubuhi ya koito baba mdogo alifika mapema, koti la bluu, viatu vimepakwa rangi. Mama alikuwa jikoni na mikono yake imekaa mapajani, hajui aipeleke wapi. Kila mara aliinuka kwenda chumbani na kila mara nilimwambia, "Kaa, mama." Mlango wa chumba ulibaki umefungwa. Tulisikia kiatu kikianguka. Tulisikia kiti kikisukumwa. Baba mdogo akanisogelea.

"Akichelewa nitaanza mimi, asione haya," akasema.

"Hajachelewa, baba mdogo."

"Nasema kama."

Wageni walisikika langoni, wakiimba kidogo jinsi wanavyoimba watu wanaokuja kuomba. Baba mdogo akakaa kwenye kiti cha katikati na kunyoosha koti. Mlango wa chumba ukafunguka.

Baba alitoka na sweta yake ya kijani na kofia, mkono wa kulia umening'inia, wa kushoto umeinuliwa mbele ya kifua. Kifungo kiling'aa. Alisimama mbele ya ndugu yake, akageuza kiganja, akasoma.

"Hawa watu walisema saa nne," akasema. "Wamechelewa. Wakati wangu, majani yao yangekuwa yameshakataliwa."

Baba mdogo aliinuka. Nitampa sifa yake: aliinuka haraka, akavuta kiti nyuma kidogo ili baba akae bila kuinama, kisha akakaa upande wa kulia, mahali pa ndugu.

Msemaji wa wageni, mzee mfupi mwenye maneno mengi, aliingia, akasalimu, akakaa, na macho yake yakatua moja kwa moja kwenye mkono wa baba.

"Boiyot, mzee wangu," akasema, "bangili hiyo ya fedha ni ya nini? Sisi tumekuja na ng'ombe, hatujui kama nyumba hii inataka vito."

Watu wakacheka. Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu zuri, lenye nchi na bei ndani yake.

"Ni saa," baba akasema. "Uso wake uko kwangu. Haya, mmetoka ukoo gani, na mmekuja kutafuta nini?"