Kishikio cha Friji

Jumatatu moja ya Machi, 2018. Asubuhi jua kali, alasiri mvua ya mawe hapa Kensington, huku kusini mwa Afrika. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji mapema.

Nyumbani nilimkuta binti yetu akijizoeza hotuba ya shule, habari za watu walioboresha afya zamani za viwanda. Aliyemchagua yeye ni daktari mmoja wa London. Kipindupindu kilipoua mtaani, wakubwa walisema kinaletwa na harufu mbaya. Yeye akafuatilia waliokufa walichota maji wapi, mpaka mpini wa pampu moja ukaondolewa watu wasichote tena.

"Hao wakubwa hawakukosea sana," nikasema. "Kibaya hunuka."

"Papa, walikosea!"

"Wewe una shule. Mimi nina pua."

Sikusoma mbali, labda ndiyo maana naongea sana. Hapo hapo redio ikatangaza kwamba polony, ile soseji nene ya kukata vipande, inaambukiza watu ugonjwa, na wajawazito wasiiguse kabisa, mtoto anaweza kufia tumboni. Mke wangu, mimba ya miezi saba, alikuwa anaikata. Niliileta mwenyewe Jumamosi, kifua mbele: kwetu Lubumbashi mwenye mimba hanyimwi anachotamani.

"Jana niliila," akasema polepole.

Na mimi, mwanamume wa nyumba, nikafanya nini? Nikaichukua ile polony, nikainusa.

"Haina kitu. Safi."

"Eish, Papa," binti akasema. "Na wewe uko na wale wa harufu."

"Papa," mke wangu akadakia, "hiyo pua yako ndiyo itazaa?"

Binti akachukua bisibisi ya cherehani yangu, akafungua skrubu za kishikio cha friji, akakitoa. "Hakuna kula kitu cha humu mpaka tuoshe."

Nikampeleka mke wangu kliniki kwenye matope. Nesi alimpima: hakuna homa, lakini ikija arudi mbio. Basi tunangoja. Kwa haki, huenda polony ile haikuwa na kosa lolote. Nimeirudisha dukani na sitajua kamwe. Friji niliifungua kwa kisu, nikaiosha mwenyewe kila rafu, huku binti akisimamia.

Jioni tulikula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, vyote vya moto. Nilipoinamia sufuria kunusa, mke wangu alinichapa mkono kwa mwiko.